Natoka Kigoma kwenda Bujumbura, kisha Kalemie: pesa ya mtaji nibebeje?

Binti wa Kibirizi

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao napita mpaka wa Manyovu kwenda Bujumbura, Burundi, kununua vitenge. Nikirudi nitakaa kama wiki, halafu navuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, na mzigo wa mchele, niuze huko nirudi na fedha. Mtaji wa Bujumbura ni shilingi milioni saba na nusu, na si wangu peke yangu, tumechanga akina mama wanne. Pasipoti ninayo, kadi ya Visa ninayo, na M-Pesa.

Naomba kujua: nibebe shilingi, dola au faranga? Nibadilishie wapi? Njiani niziweke wapi? Na je, kuna namna ya kupunguza fedha taslimu ninayotembea nayo? Nasafiri mwenyewe, kwa hiyo naomba mnieleze kwa undani.

Kaunta Namba Nne

Dada, hongereni kwa kuchanga. Niseme mapema kwamba kwenye njia hizi mtaji huliwa zaidi mahali pa kubadilishia kuliko mikononi mwa vibaka. Kwa hiyo nguvu kubwa iweke kwenye aina ya noti na mahali pa kuchenji.

Beba dola. Tuchukue mfano wa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola moja (wewe angalia cha siku yenyewe). Milioni saba na nusu ni noti 750 za elfu kumi, yaani mabunda saba na nusu, ambayo hata chini ya dera yanajitokeza. Kwa dola ni 3,000, noti 30 tu za mia mia. Ukizilaza pamoja unene wake ni milimita tatu na ushee.

Zinunue benki au kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni ya Benki Kuu. Nenda na kitambulisho na pasipoti, na usiondoke bila stakabadhi yenye jina lako. Ukiulizwa mpakani fedha umetoa wapi, stakabadhi ndiyo jibu. Nenda siku tatu nne kabla ya safari. Tawi linaweza lisiwe na dola za kutosha siku hiyo, na mtu anayekimbizana na gari la alfajiri ndiye anayeishia kununua kwa mtu wa barabarani, tena kinyume cha sheria.

Ukiwa bado kaunta, kagua noti moja moja. Taka noti za mia zenye utepe wa bluu katikati. Hizo zilianza kutolewa Oktoba 2013 na mwaka wa toleo ulioandikwa juu yake ni 2009 kuja mbele. Za zamani zisizo na utepe bado ni halali kwao Marekani, lakini Bujumbura na Kalemie utakatwa bei au utakataliwa kabisa. Inamishe noti huku na huku: kengele ndogo ndani ya utepe zinageuka kuwa namba 100, na kengele iliyo kwenye kidau cha wino inabadilika kutoka rangi ya shaba kwenda kijani. Pitisha ukucha kwenye bega la picha ya Franklin, utasikia mikwaruzo. Inyanyue kwenye mwanga, upande wa kulia kuna sura yake ya pili iliyofifia ndani ya karatasi. Ukiwa na tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, uzi ulio kushoto mwa picha unawaka waridi. Utepe wa bluu umefumwa ndani ya karatasi. Ukiona umebandikwa juu, rudisha.

Kisha angalia uchafu. Huko unakokwenda, hasa Kongo, noti yenye mchaniko wa nusu sentimita pembeni haipokelewi. Yenye muhuri wa wino, maandishi ya kalamu, doa la mafuta au gundi ya selotepu ni hivyo hivyo. Mwambie keshia akubadilishie hapo hapo, ni haki yako kabla hujaondoka kaunta. Ukishatoka nje ya mlango hakuna wa kukusikiliza.

Omba pia dola kama 100 hivi kwa noti za kumi na ishirini kwa matumizi madogo. Usichukue zaidi, kwa sababu noti ndogo hubadilishwa kwa kiwango cha chini kuliko za mia.

Kuhusu kutangaza fedha: sheria yetu inataka anayetoka au kuingia nchini na dola 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa fedha yoyote, atoe tamko kwa forodha. Wewe hufiki huko. Ila kinachoangaliwa ni kiasi alichobeba mtu mmoja, hata kama wenye mali ni kumi. Siku mkichanga zaidi mkavuka kiwango, tangazeni. Kujaza fomu ni bure, na kukamatwa hujatangaza ni kuhatarisha mtaji wote.

Mwenda Mugina

Kaunta amemaliza upande wa dola. Mimi niseme upande wa ng'ambo.

Saa kwanza. Burundi wako nyuma yetu saa moja. Ukivuka Mugina, yaani mpakani upande wa Burundi, saa nne kwa saa yako, kwao ni saa tatu. Wakati wa kwenda unafaidika. Wakati wa kurudi ndipo watu wanapokwama, kwa sababu Manyovu wanafuata saa zetu: ukiondoka Bujumbura ukidhani una muda, saa moja imeshaliwa, na unajikuta mpakani jioni na mzigo na pesa. Panga uwe umevuka na jua bado liko juu. Njia ni Mugina, Mabanda, Nyanza-Lac, Rumonge ndipo Bujumbura, na unabadilisha gari njiani. Kila unaposhuka ndipo mikono ya watu inapokuwa mingi.

Sasa faranga. Pale mpakani utafuatwa na vijana wenye mabunda. Badilisha kiasi cha nauli na chakula tu, tena kwenye duka lenye kibali, usikae unachenji mtaji mzima pembeni ya barabara. Burundi ina kiwango rasmi na kiwango cha mtaani, na tofauti yake ni kubwa. Cha mtaani kinavutia, lakini ni kosa huko, na mtu aliyekamatwa na dola katikati ya biashara hiyo hana pa kulalamika. Maduka ya kubadilishia yalifungwa 2020 yakafunguliwa tena 2022, kwa hiyo Bujumbura mjini utayapata yenye leseni. Chukua stakabadhi.

Hapa kuna hesabu inayowaumiza wengi. Muuzaji wa vitenge ameweka bei yake akifikiria dola ya mtaani. Wewe ukibadilisha kwa kiwango rasmi, kitenge kile kile kinakupandia bei sana. Kwa hiyo kabla hujatoka Kigoma, mpigie muuzaji, muulize bei ya doti kwa faranga, gawa kwa kiwango ambacho wewe utapata kihalali, halafu ongeza nauli na ushuru. Faida isipobaki kwenye hesabu hiyo, usisafiri ukitegemea kupata dili njiani.

Jingine: mtu wa Kigoma akikwambia ana faranga nyumbani akuuzie rahisi, kuwa macho. Juni 2023 Benki Kuu ya Burundi iliziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, ikatoa siku kumi tu za kuzirudisha benki. Walio nje ya nchi wengi walibaki nazo. Za sasa zina tarehe ya 2022. Soma tarehe kwenye noti kabla ya kupokea.

Na kuhesabu. Kuna mbinu mbili zinazojirudia. Ya kwanza, ndani ya bunda baadhi ya noti zimekunjwa katikati, ukihesabu kwa kupapasa kingo kila moja inaonekana mara mbili. Dawa yake ni kuzilaza bapa mezani moja baada ya nyingine. Ya pili ni ya hatari zaidi: anakupa bunda lililopungua noti moja makusudi. Unahesabu, unamwambia. Anaomba radhi, analichukua, anaongeza noti moja juu unaiona kabisa, huku vidole vya chini vinachomoa sita au saba. Unapokea umeridhika na huhesabu tena. Kwa hiyo bunda likishaingia mkononi mwako lisirudi. Mwambie iliyopungua aiweke juu ya mkono wako. Likirudi kwake kwa sababu yoyote, hesabu upya kuanzia moja. Dola zako usizitoe mpaka zake umeshazihesabu, na mtu akianza kupiga kelele kwamba askari wanakuja, funga pochi, ondoka, usimalizie.

Unyanyembe

Salaam kutoka Tabora. Nichangie upande wa kupunguza taslimu, maana dada ameuliza na bado hajajibiwa.

Kama wauzaji wa Bujumbura wana akaunti, omba ankara yenye jina kamili la akaunti, namba, jina la benki na msimbo wake wa SWIFT (herufi za kuitambua benki kimataifa), ipeleke benki yako Kigoma wamtumie. Huchukua siku moja hadi tatu za kazi, wakati mwingine zaidi kukiwa na sikukuu upande mmoja. Kosa linalochelewesha ni jina: herufi moja ikitofautiana na jina la akaunti, fedha inaning'inia. Lipa sehemu kwa benki, sehemu ubebe. CRDB ina benki tanzu Burundi tangu 2012, na ya Kongo ilianza 2023 makao yake Lubumbashi, mbali sana na Kalemie. Lakini benki tanzu ni kampuni inayojitegemea, si tawi kama la Kasulu. Usidhani utaingia kaunta ya Bujumbura na namba yako ya akaunti ya Kigoma ukatoa hela. Kaa na meneja wako akueleze utaratibu kabla.

Kadi ibebe kama akiba ya dharura. Iambie benki nchi unazokwenda na tarehe, wafungue matumizi ya nje, vinginevyo mfumo unaizuia ukijaribu mara ya kwanza. Tumia mashine iliyo ndani ya benki, saa za kazi, ili ikimezwa kuna mtu wa kumwita. Mashine ikiuliza ukatwe kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagua fedha ya pale. Ukichagua shilingi, wenye mashine wanakupangia kiwango chao. Kumbuka pia mashine za Burundi zinatoa faranga kwa kiwango rasmi. Namba ya huduma kwa wateja iandike kwenye karatasi ikianza na +255, kwa sababu zile namba fupi tunazopiga hapa nchini huwezi kuzitegemea ukiwa nje.

M-Pesa: washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, weka salio la kawaida, na jaribu muamala mdogo kwa programu ya simu. Hata ukiwa Kigoma mjini, karibu na ziwa simu inaweza kudaka mtandao wa jirani ikakukata kwa bei ya nje, kwa hiyo chagua mtandao kwa mkono. Laini yenyewe iwekee namba ya siri ya SIM. Simu ikiibiwa bila hiyo, mwizi anaihamishia laini kwenye simu nyingine na ujumbe wa uthibitisho wa benki unaingia kwake.

Njia nyingine ya akiba ni mmoja wa wale akina mama abaki na sehemu ya fedha, akutumie kwa Western Union ukishafika na kuona mzigo. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, neno kwa neno. Ile namba ya tarakimu kumi akutajie kwa sauti kwenye simu. Asiipige picha na kuituma kwenye kundi.

Kwa wanaotoka huku kwetu kwa treni kuja Kigoma: hakuna sababu ya kupita Urambo, Kaliua na Uvinza usiku kucha na mamilioni kwenye begi. Weka benki Tabora, toa Kigoma.

Mama wa Ujiji

Mwanangu, pindo la khanga wezi wanalijua tangu zamani, na sidiria hali kadhalika. Nenda kwa fundi cherehani akushonee mfuko wa ndani kwenye sketi ya kuvaa chini, upande wa mbele chini ya kitovu, usiwe kiunoni pembeni. Noti ya dola ina urefu wa sentimita 15.6 na upana 6.6, kwa hiyo mfuko uwe 18 kwa 9 ili noti zilale bila kukunjwa. Zikikunjwa siku mbili kwenye joto la mwili zinapata mstari mweupe katikati na wanunuzi wanaanza kununa. Zipu ilale, isisimame, na kitambaa kiwe pamba nzito. Noti ziingie kwanza kwenye mfuko wa nailoni wa kufunga, pamoja na kipande cha jalada la daftari kuzinyoosha, kwa sababu jasho peke yake linazilegeza.

Gawa mara tatu. Mtaji uko kwenye sketi na hauguswi mpaka uko ndani ya chumba kilichofungwa au ofisini kwa muuzaji. Dola 200 za dharura na kadi ziwe mahali pengine kabisa, chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kufunga au ndani ya kitambaa cha begi kilichofumuliwa na kushonwa tena. Pochi ya mkononi iwe na matumizi ya siku moja tu. Kila asubuhi jaza pochi ukiwa chumbani. Watu wanaibiwa si kwa sababu walificha vibaya, ni kwa sababu walifichua hadharani wakitafuta nauli.

Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe kwenye pasipoti. Kukikosa ni mlango wa kutoa pesa usizozipanga. Ukiambiwa ulipe chochote mpakani, lipia ofisini, upewe risiti.

Binti wa Kibirizi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama, fundi namfuata kesho. Kimebaki cha Kalemie. Wateja wa mchele wanalipa mchanganyiko: dola, faranga za Kongo, wengine wana shilingi zetu. Nipokee nini? Na botini nafanyaje, maana ninarudi na taslimu yote?

Kaunta Namba Nne

Kalemie dola na faranga zinatembea pamoja, kwa hiyo kabla ya kutaja bei ya gunia taja ni fedha gani, na muandike kwenye karatasi nyote wawili. Ugomvi mwingi unaanzia hapo. Pokea dola za mia na hamsini, zote uzikague kama nilivyosema juu. Ya hamsini uzi wake kwenye tochi unawaka njano, ya ishirini kijani. Noti za dola moja moja waachie, huko huko zenyewe hukataliwa madukani. Kanuni ni rahisi: wao wakikataa dola iliyochanika, na wewe kataa, usikubali maneno ya "huku tunapokea". Muulize mteja, "Hii naweza kukulipa nayo wewe kesho?" Akisita, jibu umepata.

Faranga za Kongo pokea kiasi cha matumizi yako ya pale na ushuru, zilizobaki zimalizie kabla ya kupanda boti. Noti za huko ni nyingi, zimechakaa, na ukifika Kibirizi nazo unakuwa chini ya huruma ya mnunuzi.

Shilingi zetu zipokee kwa uangalifu mkubwa. Noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ya 500 ya 2010, ziliondolewa. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 na umepita. Ng'ambo ya ziwa zinaweza kuwepo kwenye masanduku ya watu. Noti ya karatasi ya 500 usipokee hata moja. Kwa elfu kumi na elfu tano, nenda na noti moja moja ya sasa, uziweke kando ya zile za mteja ulinganishe sura.

Usiuze mzigo wote siku ya mwisho. Ukiuza kwa siku mbili tatu unapata muda wa kwenda kuonyesha noti unazozitilia shaka benki.

Mwenda Mugina

Botini: sketi ya Mama wa Ujiji inafaa, ila ongeza mfuko wa pili wa nailoni juu ya wa kwanza, mdomo wa kila mmoja uelekee upande tofauti, na utoe hewa kabla ya kufunga. Jaribu nyumbani kwenye ndoo ya maji kwa dakika kumi na karatasi kavu ndani. Jaketi la kuokolea livae juu ya nguo zote, tangu unapanda, lisikae chini ya kiti. Fedha isikae ndani ya begi la mzigo, kwa sababu wakati wa kushuka makuli wanagombania mabegi na lako linaweza kutangulia ufukweni dakika ishirini kabla yako.

Zikilowa pamoja na hayo yote, usizipige pasi na usizianike juani. Karatasi ya dola ni pamba na kitani, joto linaikunja na wino wa kengele unapoteza mng'ao. Zitenganishe taratibu kuanzia pembeni, zilaze kivulini juu ya taulo kavu, na zikikaribia kukauka ziweke katikati ya kitabu kizito usiku mzima.

Ukishuka Kibirizi usipitie nyumbani. Nenda benki moja kwa moja na stakabadhi zako za mauzo, weka dola kwenye akaunti ya dola au uzibadilishe hapo hapo. Ukifika jioni benki zimefungwa, mmoja wa wale wenzako watatu akupokee ufukweni, mhesabu wote mkiwa pamoja, muandike kiasi na mtie saini kabla ya mtu yeyote kwenda kulala.